Yai la Siku Tatu

Daktari Herlinda aligeuza kioo cha mashine ya kupima tumbo ili Gusmita naye aone. Palikuwa na kiza, na ukingoni mwa kiza vitundu vidogo vidogo vimejipanga, na katikati yao kitundu kimoja kikubwa, cheusi, cha mviringo.

"Hili hapa," daktari alisema, akikionyesha kwa ncha ya kalamu. "Milimita kumi na tisa. Limeiva, Bi Mita. Safari hii vidonge vimesikika."

Gusmita alikikazia macho kitundu kile mpaka machozi yakamlenga. Mwaka wa saba huu wa ndoa. Wanawake wengine yai lao huiva kila mwezi bila kuombwa. Yeye mayai yake kumi na tano huanza safari kwa pamoja, yakafika nusu ya njia yakakaa kitako, lisitoke hata moja. Hedhi ilimjia ilipojisikia, mara baada ya miezi mitatu, mara mitano. Kila Ijumaa, kabla mumewe hajaamka, alijitazama kwenye kioo cha bafuni akang'oa vinywele vya kidevuni. Ugonjwa huo una jina refu, lakini daktari alimweleza kwa maneno mepesi: mayai yako hayajafa, yamekwama, na ziko dawa za kuyakwamua.

Basi akaanza kumeza. Vidonge vya kwanza raundi tatu, mwili ukajifanya kiziwi. Kisha vile vidogo vya njano, siku tano mfululizo kuanzia siku ya tatu ya hedhi, na hedhi yenyewe mara nyingine ilibidi iitwe kwa vidonge vingine. Juu yake vile vikubwa vya watu wa kisukari, asubuhi na jioni, vilivyomfanya asiweze kusimama karibu na sufuria ya wali. Raundi tano za vidonge vya njano zilikuwa zimepita. Hii ilikuwa ya sita, na daktari alikwisha sema kuwa baada ya hii hataandika tena. Atampa barua aende Padang akachomwe sindano. Bima ya serikali hailipii mtu anayetafuta mtoto, na Gusmita aliuliza bei ya sindano mara moja tu, hakuuliza tena.

"Leo, kesho na keshokutwa," daktari alisema akivua glavu. "Baada ya hapo halipo. Mumeo yupo nyumbani?"

"Yupo, daktari."

Na kweli alikuwepo, mzima wa afya. Ila hakuwa nyumbani.

*

Huku kwetu nyumba ni ya mwanamke, shamba ni la mwanamke, na ukoo unashuka kwa mama. Mwanamume hulala kwa mkewe, lakini neno lake lina uzito kwa dada yake, maana watoto wa dada ndio damu ya ukoo wake. Binti wa dada akiolewa, mjomba ndiye anayekaa mbele, anayepokea wageni, anayejibu hotuba za upande wa pili usiku baada ya usiku. Mjomba akikosekana, arusi imevuliwa nguo hadharani.

Refdinal, mume wa Gusmita, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mikono yenye mafuta ya mashine, alikuwa mjomba mpya. Mjomba wake yeye alifariki Ramadhani iliyopita, na mzigo ukamwangukia. Arusi ya mpwa wake Silvi ilipangwa baada ya mavuno. Lakini bwana harusi anafanya kazi melini huko Batam, likizo yake ikawahishwa, na arusi nayo ikawahishwa wiki tano nzima. Habari zilifika Jumatatu, na siku ile ile Refdinal akahamia kwa dada yake. Gusmita alikuwa amemeza kidonge cha mwisho wiki iliyotangulia, na kidonge kilichomezwa hakitapikwi.

Jumatano ile ile ya daktari, jioni, simu ililia.

"Nimejaribu kuja mara mbili," Refdinal alinong'ona. "Mara ya kwanza Uni Warnis amenikuta nimeshavaa kofia ya pikipiki. Ananiuliza, mjomba mtu unakwenda wapi na turubai halijafungwa? Mara ya pili nimefika langoni, nao wazee wa upande wa mume ndio wanaingia. Ningewapita vipi?"

"Uda, daktari kasema siku tatu. Na ya leo ndiyo hii inakwisha."

Uni ni dada mkubwa, na Uda ni kaka. Ndivyo wake wa huku wanavyowaita waume zao, iwe kwa mapenzi au kwa hasira. Jioni ile zilikuwemo zote mbili.

"Najua, Mita. Kesho si unaleta vyakula? Njoo mapema. Tutaona."

"Tutaona nini? Mna watu sitini humo ndani!"

Akasikia sauti ya wifi yake Warnis kwa mbali, "Dinal! Dinal we!", na simu ikakatika.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi Gusmita alishuka kwenye gari la kukodi nje ya nyumba ya wifi yake, sinia la nyama ya kukaushwa kwa tui kichwani na mikate ya mchele wa kunata mkononi, kama inavyompasa mke wa mjomba. Amevaa baibui la kijani alilolidarizi mwenyewe. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akasalimia, akapokelewa sinia.

Uni Warnis si mtu mbaya, tuseme ukweli. Ana watoto watano, ana miguu ya kuvimba, na tangu Jumatatu hakuwa amelala. Lakini mdomo wake hauna kizuizi.

"Ee, wifi, umefika! Umenenepa, au ndiyo mambo?" Akamtazama tumbo mbele ya wanawake wanane waliokuwa wanakuna nazi.

"Ni dawa tu, Uni."

"Dawa, dawa. Mimi watoto watano sikujua hata panadoli."

Wanawake wakacheka kidogo, wengine wakainama kwenye mbuzi zao. Gusmita akacheka nao. Alikuwa na cheko maalumu kwa shughuli hiyo, amelitumia miaka saba, na lilikuwa limeanza kuchakaa.

Pembeni kulikuwa na kinu cha jiwe na rundo la majani ya hina ya bibi harusi, ya kupakwa usiku ule. Kwa kuwa hakupewa kazi, akakaa chini akaushika mchi. Alikuwa ametwanga mara tatu au nne hivi Warnis alipomfikia, akauchukua mchi mkononi mwake, taratibu kabisa, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Wewe pumzika, Mita. Hina hii watatwanga wenye watoto. Si kwamba mimi naamini, lakini watu wana midomo. Wasije wakasema tumemwekea Silvi mkosi."

Akampa mchi jirani mwenye mtoto mgongoni. Kisha, ili kulainisha mambo, akamfungua yule mtoto mgongoni kwa mama yake akamweka Gusmita mapajani. "Mshike huyo. Wanasema mtoto huita mtoto."

Mtoto alikuwa mzito, amelowa. Gusmita alimshika. Silvi mwenyewe, bibi harusi, alikuwa mlangoni na alisikia yote. Akainamisha uso akarudi chumbani. Hilo ndilo lililomuuma Gusmita zaidi, kwamba msichana wa miaka ishirini na mbili amemwonea haya.

Saa tano akafanikiwa kumpata mumewe nyuma ya jiko, penye kuni. Refdinal alikuwa na majivu usoni na macho mekundu.

"Chumba hakuna," alisema kabla hajaulizwa. "Nimeangalia hata ghala la mpunga. Wamelala wapishi."

"Ghala la mpunga! Uda, mimi ni mkeo au nani?"

"Sasa nifanyeje? Usiku huu kuna hina, wageni wanakuja. Kesho ndoa inafungwa baada ya swala ya Ijumaa, na jioni nyumba imejaa wakwe. Nikimwambia Uni ukweli atautangaza mpaka sokoni."

"Kwa hiyo unaona haya."

"Naona haya," akasema. "Kwako pia naona haya. Sijui nionee haya wapi kwanza."

Gusmita alitaka kukasirika, akashindwa, kwa sababu alimwona jinsi alivyochoka. Akanyanyua ncha ya mtandio amfute majivu. Bibi mmoja akatokea na kikapu. "Samahani wanangu, nilikuwa natafuta vifuu," akasema, akaanza kuchagua vifuu kimoja kimoja, bila haraka yoyote, huku akiwatazama.

*

Mama yake Gusmita, Amak Jawanis, alikuwa uani anaanika magome ya mdalasini. Alimwona bintiye karudi kutoka kwa wifi yake, anapanda ngazi bila kusalimia, akamfuata ndani. Alimkuta amekaa mbele ya mashine yake ya kudarizi, mashine imezimwa, na mikono iko juu yake.

"Nani kakufanya nini?"

"Hakuna, Amak."

"Mita."

Mambo ya kitandani binti hayasemi kwa mama yake, huku wala kwingine. Lakini Gusmita alikuwa amefika mwisho wa kamba. Akatoa mkobani picha ya daktari, ile karatasi nyeusi na nyeupe, akaiweka mbele ya mama yake, akamwambia yote: vidonge, raundi ya sita, kitundu cheusi, leo na kesho basi.

Amak Jawanis aliisogeza karatasi karibu na pua. Mwanzoni hakuwa mtu wa vidonge hivi. Mwaka mzima alimchemshia bintiye majani machungu, na daktari alipokataza alinuna mwezi. Lakini mzee huyu alikuwa na hofu yake. Alizaa watoto watatu, wa kiume wawili, wote wako Jakarta na watoto wao ni wa koo za wake zao. Binti ni Gusmita peke yake. Asipozaa, nyumba hii ya ngazi tisa na mashamba yaliyo nyuma yake yatakwenda kwa binamu wa ng'ambo ya mto, na tayari kaka yake Amak, aliye mkuu wa ukoo, alikwisha anza kukohoa kohoa maneno hayo kila anapokuja kunywa kahawa.

"Hili ndilo yai?"

"Ndilo."

"Na lina siku tatu tu?"

"Moja imeshapita."

"Hata la kuku linakaa wiki tatu," Amak alisema kwa uchungu. "Na Sutan anajua?"

Sutan ndiye Refdinal. Mwanamume akioa huku hupewa jina la heshima, na nyumbani kwa mke hakuna anayethubutu kumwita jina alilozaliwa nalo. Kwa dada yake ni Dinal. Kwa mama mkwe ni Sutan Rajo Ameh, hata akiwa anatengeneza bomba la choo.

"Anajua. Anaona haya kuomba ruhusa."

"Kwa nini aombe yeye?" Amak akasimama, magoti yakalia. "Mwanamume haombi ruhusa ya kwenda kwa mkewe. Mwanamume huchukuliwa. Tulimchukua kwa tambuu, tutamchukua tena kwa tambuu. Nitolee kile chombo cha shaba kabatini. Na unisugulie, kina kutu."

"Amak, usinifanyie hivyo! Watu wote watajua!"

"Watajua nini? Kwamba una mume? Hilo wanalijua miaka saba."

"Watajua usiku wenyewe, Amak! Watajua na saa!"

"Mwanangu," Amak alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, "haya huwa inaisha. Mimi nimeona haya mara nyingi maishani, na leo sikumbuki hata moja vizuri. Lakini umri wangu ni sitini na nane na katika nyumba hii sijasikia mtoto akilia tangu ulie wewe. Sugua chombo."

Gusmita akasugua. Alisugua huku analia, kwa ndimu na majivu, mpaka shaba ikang'aa.

*

Walifika kwa Warnis baada ya Alasiri, Amak Jawanis mbele, na jirani wawili wa ukoo wao, mmojawapo Etek Piah, nyuma yake. Amak alivaa vazi lake jeusi la sherehe na kilemba cha pembe, chombo cha tambuu mikononi, kimefunikwa kitambaa cha dhahabu. Gusmita aliambiwa abaki uani. "Mke hamfuati mume," mama yake alimwagiza. "Wewe kaa nje, ukoo utasema."

Kwa hiyo alisimama penye masufuria, kati ya wapishi, na kupitia ukuta wa mbao akasikia kila kitu. Alisikia zulia likikunjuliwa. Alisikia mazungumzo ya wanaume sebuleni yakikatika, maana chombo cha tambuu kikiingia nyumbani huku hakuna anayeendelea kusema. Mzee Datuk Palindih, msemaji wa ukoo wa Refdinal, akakohoa akajinyoosha.

"Tumeliona jani, tumeuona uso," akaanza kwa taratibu zake. "Basi ukoo wa ndugu zetu umetujia na haja gani, na sisi tukiwa kwenye shughuli?"

"Tule kwanza," Amak alisema.

Wakala. Kila mmoja alichukua jani, akatia chokaa na kipande cha popoo, akatafuna. Hapo mambo yakawa yamefungwa: aliyekwisha tafuna hawezi kusema hakusikia.

"Miaka saba iliyopita," Amak Jawanis alisema, "tulikuja hapa hapa na jani hili hili, tukamchukua Sutan Rajo Ameh kwa ngoma na mwavuli wa njano. Tukampeleka kwetu. Hatujamrudisha, wala hatujasikia kwamba mmekuja kumchukua. Sasa siku tatu hatumwoni mezani. Tumekuja kuuliza kwa heshima: ndugu zetu, mmetuazima, au mmetunyang'anya?"

Sebule nzima ikacheka. Datuk Palindih naye akacheka, mate mekundu yakamtoka. "Tumeazima, Amak, tumeazima! Mpwa wake anaolewa."

"Mnaazima bila kutuaga?"

"Hapo tumekosa."

"Basi tunamwomba usiku wa leo mmoja. Kesho asubuhi, kabla maji ya kahawa hayajachemka, nitamleta mwenyewe hapa mlangoni."

Sauti ya Warnis ikapanda kutoka upande wa wanawake. "Amak! Usiku wa hina mjomba asiwepo? Watu watatuonaje?"

"Hina ni ya wanawake, Warnis. Yeye mtampaka wapi, kwenye ndevu?"

Wakacheka tena. Lakini Warnis hakucheka. "Sawa, mzaha ni mzaha. Ila kuna haraka gani isiyoweza kungoja mpaka Jumatatu? Nyumba inaungua?"

Uani kijiko kilisimama kwenye sufuria. Gusmita alijisemea moyoni, usiseme Amak, sema kuna mgonjwa, sema paa limevuja, sema lolote.

"Mwanangu anatumia dawa ya daktari," Amak alisema, wazi, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la baba yake. "Ya kutafuta mtoto. Dawa hiyo ina siku zake, na siku zake ni leo na kesho. Amekunywa mwaka wa pili huu, na hii ni ya mwisho. Zikipita, zimepita, na nyumba yangu inafungwa. Sasa nimesema. Nani ana swali?"

Wapishi wote kumi waligeuka wakamtazama Gusmita. Uso ulimwaka. Alitazama moto, alitazama miguu yake, hakujua aiweke wapi mikono. Alitamani mama yake afe, Mungu amsamehe, kisha akatamani amkumbatie.

Bibi yule wa vifuu ndiye aliyekuwa kwenye sufuria kubwa. Akakoroga mara mbili.

"Jamani, wewe mtoto," akasema, "si ungeniambia asubuhi pale kuni? Ningeondoka upesi."

Kicheko kilicholipuka uani hakikuwa cha kumcheka. Mmoja akamkanda bega, mwingine tayari alikuwa anafunga wali na nyama kwenye jani la mgomba. "Mpe ale ashibe," alisema, "huyo tangu jana anabeba milingoti."

Ndani, Datuk Palindih alikuwa anamaliza. "Sutan Rajo Ameh, simama. Jani tumekula, hatuwezi kulitema." Na sauti za wanaume zikamsindikiza: nenda bwana, hiyo nayo kazi ya ukoo, sisi turubai tutafunga wenyewe.

Refdinal alitoka kichwa chini, masikio mekundu, mama mkwe mbele yake kama askari. Warnis aliwafuata hadi ngazini. Alipomfikia Gusmita akasimama.

"Umetuaibisha, Mita," alisema kwa sauti ndogo. "Kwenye arusi ya mwanangu."

Wakati mwingine Gusmita angetoa lile cheko lake. Safari hii halikuja.

"Ndiyo, Uni," akasema. "Na mimi nimeaibika, tena kuliko wewe. Naomba radhi. Lakini ninaondoka naye."

*

Walipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Amak Jawanis hakuvua hata kilemba. Alichukua mto wake na msala akaanza kushuka ngazi.

"Unakwenda wapi, Amak?"

"Kwa Etek Piah. Ana homa."

"Homa gani? Si ndiye huyu tumetoka naye sasa hivi!"

"Ataipata," Amak alisema, akaenda zake.

Refdinal alikoga, akaswali, akala wali wote wa kwenye jani la mgomba. Gusmita alikaa mbele yake akimtazama anavyokula. Ghafla wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Refdinal akapaliwa.

"Kwenye ndevu!" alisema akipangusa macho. "Na sina ndevu!"

"Uda, sitaweza kupita sokoni mwaka mzima."

"Mimi nitapita kwa niaba yako." Kisha akaacha kucheka. "Mita. Na isiposhika?"

"Isiposhika, haikushika."

"Kuna jambo sikukwambia. Idd iliyopita Uni Warnis aliniambia nirudi nyumbani. Kwamba bado nina umri, na wanawake wapo."

Gusmita aliweka bakuli chini. Jambo hili alikuwa analijua bila kuambiwa, kama mtu anavyojua mvua itanyesha, lakini kulisikia kulimchoma. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kwamba sikuchukuliwa kwa jani ili nilete watoto. Nilichukuliwa niwe mume wako." Akajitazama mikono. "Nilimjibu kwa sauti ndogo lakini. Leo mama yako kanionyesha kwamba ningesema kwa sauti kubwa."

Gusmita alimpenda wakati ule kuliko siku ya ndoa yao. Akamwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kisha akaenda kufunga mlango, na sisi tuwaache hapo.

*

Mwanamke mwingine hedhi ikichelewa siku tatu, nyumba nzima inajua maana yake. Lakini Gusmita maisha yake yote hedhi ilichelewa, na haikumaanisha kitu ila mwili wake ule ule mkaidi. Wiki mbili zikapita, damu haikuja. Wiki ya tatu, haikuja. Hakuthubutu kupima. Hata kichefuchefu hakikumpa habari, maana kichefuchefu alikuwa nacho tayari cha vile vidonge vikubwa. Alidarizi mitandio mchana kutwa, na mama yake alipita nyuma yake kwa nyayo za paka, akimchungulia, hasemi.

Mwisho Refdinal alikwenda duka la dawa mjini akarudi na vipimo vitatu, kwa sababu muuzaji alikuwa msichana, na yeye alivyoona haya akashindwa kutaja idadi, akapewa alivyoonyesha kwa vidole. Asubuhi Gusmita akaingia bafuni. Akakaa sana.

"Mita?"

Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka na kile kijiti. "Uda, hebu hesabu. Mistari mingapi?"

"Miwili."

"Hesabu tena."

"Miwili, Mita."

"Chukua na hiki cha pili."

Walihesabu vyote vitatu. Nyuma yao Amak Jawanis, aliyekuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi tangu mlango wa bafuni ulipofungwa, alikaa chini sakafuni palepale, akaanza kulia kwa sauti.

Mimba ilipofika mwezi wa tano, Daktari Herlinda aligeuza tena kioo. Safari hii hakukuwa na vitundu. Kulikuwa na mtu anayerusha teke. Daktari alimwangalia huku na huku, akatabasamu, akawaambia.

Njia nzima ya kurudi, nyuma ya pikipiki, Gusmita alikuwa na furaha na hasira pamoja. Furaha yake aliijua. Hasira ilikuwa ya maneno ambayo bado hayajasemwa na mtu.

Amak alikuwa jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi. Hakugeuka. "Enhe?"

"Mzima. Moyo unapiga vizuri."

"Alhamdulillahi. Enhe?"

"Mwanamume, Amak."

Mkono wa mzee ulisimama. Nje, Refdinal aliizima pikipiki na kubaki hapo hapo, hakupanda ngazi. Gusmita alimngoja mama yake kwa muda aliouweza, kisha hakuweza tena.

"Ni wangu," alisema. "Nimemmezea vidonge mwaka na nusu. Nimenyang'anywa mchi mkononi kwa ajili yake, nimesimama uani watu wakajua siku yangu na saa yangu. Kama mjomba wangu atakuja kukohoa hapa kwamba nyumba haipati kitu kwa mwanamume, mwambie akakohoe kwake. Sitaki mtu amhuzunikie mwanangu."

"Nani kahuzunika?" Amak alisema. Akaanza tena kukuna, taratibu. "Mwanamume ni mjomba. Nyumba isiyo na mjomba itasemewa na nani?"

"Mjomba wa nani, Amak? Dada yake yuko wapi?"

Amak Jawanis alikung'uta kifuu, akakiweka chini. Akamtazama bintiye tumboni, kisha usoni, akiwa na macho makavu kabisa.

"Vile vidonge vya njano," akauliza, "daktari bado anavyo?"